Tundu Lisilo na Sababu

Jina lake halisi lipo kwenye vyeti, vyeti vipo kwenye begi, na begi lipo juu ya kabati la mama yake, kwa hiyo tumwite kama wanavyomwita wote: Bi Timazi. Timazi ni kile chuma kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho mwashi hukitumia kujua kama ukuta umesimama wima au umelewa. Alipewa jina hilo na wanafunzi wake, wala hawakumwonea. Anatembea kama mlingoti, na akisimama karibu na kitu kilichopinda, kitu chenyewe huona aibu.

Anafundisha uashi kwenye chuo cha ufundi. Darasa lake la uashi halina kuta, jambo ambalo limewachekesha wanafunzi wa miaka yote. Ni uwanja tu kando ya geti la nondo, wenye paa la mabati upande mmoja, pipa la maji, rundo la mchanga ambalo paka wa jirani wamelipangia matumizi yao, na matofali. Matofali yale ni wazee. Yamejengwa na kubomolewa mara nyingi mno, hadi kona zimelika na mengine yana umbo la viazi.

Maana desturi ya chuo ilikuwa hii: kila mwaka, wanafunzi hujenga ukuta mmoja. Kimo cha kifua, kona moja upande wa kushoto, udongo mtupu badala ya saruji ili ubomoke bila ubishi. Mtihani ukiisha, waliojenga wanaubomoa, wanayakwangua matofali na kuyapanga, na wenzao wa mwaka unaofuata wanaanza tena. Ukuta uleule. Na karibu na ile kona, mstari wa tatu kutoka juu, huachwa tundu la ukubwa wa nusu tofali. Usipoliacha, unakatwa alama. La nini? Hakuna aliyejua. Wapo waliosema ni la kupitishia hewa. Hewa gani, na uwanja mzima ni hewa?

Bi Timazi alilijua tundu lile kuliko wote, kwa sababu lilimwaibisha.

Yeye mwenyewe alisomea hapohapo, msichana pekee katika mwaka wake. Siku anaondoka nyumbani kwenda kuandikishwa, mama yake, ambaye alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu, alimtazama viatu na kusema, "Nenda. Mimi nimefua mashuka ya wakubwa, nikaona mambo yao yote, hakuna kazi inayonitisha. Ila ukivunjika mgongo usinililie." Akaenda, akajenga ukuta, akaacha tundu, akapata alama zote. Akatoka na cheti na kichwa kikubwa kuliko cheti.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa chumba cha kulala cha mama mmoja mjane. Binti akapiga uzi, akapanga matofali, akashusha timazi, ukuta ukasimama kama askari wa gwaride. Na karibu na kona, mstari wa tatu kutoka juu, akaacha tundu.

Mwenye nyumba akaja kukagua. Akalitazama. Akachungulia ndani yake, akamwona kuku wa jirani upande wa pili.

"Binti, hiki nini?"

"Tundu, mama."

"Naona ni tundu, macho ninayo. La nini?"

Binti akasema la hewa.

"Hewa si ina dirisha, mwanangu? Au hewa ya hapa ina miadi na panya?"

Yule mama alicheka hadi akashika ukuta, kisha akawaita majirani waje nao wacheke. Bi Timazi aliliziba tundu huku masikio yakimwaka. Kicheko hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba mikono yake ilijua kila kitu, na yeye mwenyewe hakujua alichokuwa akijenga.

Baada ya miaka ya kujenga nyumba za watu alirudi chuoni kufundisha, na swali lake la kwanza alimpelekea Mkuu wa chuo, mzee nadhifu wa tai na kalamu mbili mfukoni, ambaye zamani ndiye aliyekuwa mwalimu wa uashi pale.

Mkuu alicheka kwa fahari. "Aa, tundu! Mwaka ule matofali yaliniishia. Nusu tofali moja likakosekana. Mkaguzi akaja, akatazama, hakusema kitu. Basi ikawa hivyo."

"Na mwaka uliofuata, Mkuu?"

"Wakafuata mfano. Hiyo ndiyo nidhamu, Mwalimu! Siku hizi utaipata wapi?"

Bi Timazi alitoka ofisini. Watu wazima, wenye akili timamu, baadhi yao sasa ni makandarasi, walikuwa wamepewa alama kwa kutunza kwa heshima zote upungufu wa nusu tofali.

Ndipo mwaka huu, mwanzoni mwa muhula wa mwisho, aliposimama mbele ya darasa na kusema, "Wanangu, ukuta wa kawaida basi. Jengeni mnachotaka." Akaenda zake kunywa chai, akawaachia uwanja hadi jioni ili asiwabane.

Aliporudi alikuta wamejenga ukuta. Makundi yote matatu. Kimo cha kifua, kona kushoto. Na matundu matatu, yamejipanga kama macho ya watu wanaosubiri kuadhibiwa.

"Nilisema nini?" aliuliza.

Aliyejibu ni Redio. Kijana huyu aliitwa hivyo kwa kuwa hana kitufe cha kuzima. "Mwalimu, ulisema tujenge tunachotaka."

"Na hiki ndicho mlichokitaka?"

"Tulijua ni mtego."

"Mtego wa nini?"

"Wa kuona nani mtiifu. Mwalimu gani anamwambia mwanafunzi afanye atakavyo? Hata mama yangu hajawahi, na ananipenda."

Darasa likacheka. Bi Timazi hakucheka. Aliketi juu ya karai lililofunikwa, akayatazama yale matundu, akaelewa kwamba kumfungulia mlango mtu aliyezoea kufungiwa si msaada ukimwacha hapohapo mlangoni. Akawapa sharti moja tu: kabla ya tofali la kwanza, kila kundi liseme linajenga nini, kwa ajili ya nani, na kwa nini. Jibu la "kwa sababu ndivyo inavyofanywa" halipokelewi. Yeye hatachagua. Ataulizwa, atajibu, ila hatashika mwiko wa mtu.

"Hata tukikosea?" aliuliza Shangazi. Huyu alikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote, mama wa watoto wawili, na darasa zima lilimwita Shangazi, mwalimu akiwemo.

"Hasa mkikosea, Shangazi."

Kundi la Shangazi lilikaa kikao kirefu kuliko harusi, kisha likaja na benchi. Benchi la matofali lenye egemeo, nje ya geti, wanapongojea wazazi wanaoleta watoto kuandikishwa. "Mimi nilisimama pale na tumbo la miezi minane," alisema Shangazi. "Mlinzi alinipa pole. Pole haikaliki."

Redio na wenzake walitaka tao. Mlango wa mviringo juu, bila boriti, matofali yameshikana kwa kuegemeana tu. Kwa nini? Kwa sababu waliliona kwenye picha, na hakuna aliyeamini kwamba linaweza kusimama, wao wenyewe wakiwa wa kwanza. Kwa nani? "Kwa ajili yetu, Mwalimu. Au hairuhusiwi?"

Bi Timazi alilitafuna swali hilo. Tao si la mwanafunzi. Yeye mwenyewe alikuwa amejenga matao mawili maishani, na mojawapo lilikuwa bora lisitajwe. "Inaruhusiwa," alisema, na neno lilitoka kama jino linalong'olewa.

Kundi la tatu lilikuwa la Bondia, msichana mpana wa mabega aliyebeba toroli la mchanga kama anabeba mkoba. Bondia alisema, "Sisi tunataka ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa kawaida. Mnyoofu. Bila tundu."

Uwanja ukalipuka. "Msaliti!" akapiga kelele Redio. "Umepewa uhuru, unarudi jela na funguo mkononi!"

"Kelele wewe," alisema Bondia. "Unajenga tao na kona yako ya juzi ilikuwa imelala usingizi. Mimi ukuta mnyoofu sijauweza. Nimekuja hapa kuuweza. Nikiuweza ndiyo nitakuja kucheza na picha zako."

Bi Timazi aliona ulimi wake mwenyewe unataka kumsukuma yule binti kwenye kitu cha kupendeza zaidi, kitu cha kumwonyesha Mkuu. Akauuma. Ukimwambia mtu achague kisha ukamchagulia uchaguzi, basi hukumpa kitu. "Umesema nini, kwa nani, na kwa nini," alimwambia Bondia. "Endelea."

Kazi ikaanza, na Bi Timazi hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya. Alizunguka uwanjani mikono nyuma, vidole vikimwasha kama vya mtu aliyeacha sigara. Aliona kundi la Shangazi likikadiria vibaya kina cha kiti, hadi mtu akikaa magoti yanagota kidevu. Akauliza tu, "Nani mrefu kati yenu? Mkalishe." Wakamkalisha, wakacheka, wakabomoa, wakaanza upya. Benchi lingebaki nje kwenye mvua, kwa hiyo udongo usingefaa. Stoo kulikuwa na saruji iliyoanza kushika unyevu, ikingoja kuwa mawe. Bi Timazi akaitoa, wakaichekecha, wakaitumia.

Tao la Redio lilianguka. Walitoa mapema ubao ulioshikilia matofali, na mlango ukawa rundo. Hakuumia mtu, ila mshindo ulisikika hadi jengo la ofisi, na nyuma ya mshindo akaja Mkuu, tai begani kwa haraka.

Akatazama rundo. Akatazama benchi lisilokamilika kule getini. Akatazama ukuta wa Bondia, akapumua kidogo, kisha akaona hauna tundu.

"Mwalimu, njoo kidogo."

"Tuzungumze hapahapa, Mkuu. Kazi ni yao."

Hapo palikuwa na kosa la adabu, na wote wawili walilijua. Mkuu alishusha sauti, na sauti yake ikishuka huwa mbaya zaidi. "Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Amezoea kuona nini hapa?"

"Ukuta wenye tundu."

"Na atakachokiona ni nini? Kifusi, na kiti! Umewaachia watoto uwanja, umewapa saruji ya chuo wachezee. Mwanafunzi akichagua, mwalimu analipwa kwa kazi gani?"

"Ya kumuuliza kwa nini."

"Sikiliza, dada yangu. Nakuheshimu. Lakini mkaguzi akifika akakuta uwanja huu haujasafishwa, ukuta wa mtihani haujasimama, darasa hili si lako tena. Utakwenda stoo ukahesabu sururu. Tumeelewana?"

"Nimekusikia, Mkuu," alisema Bi Timazi. Kusikia na kuelewana ni ndugu wasiosalimiana, na Mkuu hakuuliza tena.

Jumapili alikuwa uani kwa mama yake, wakikamua blanketi, kila mmoja ameshika ncha yake. Alimsimulia yote. Alitegemea kuungwa mkono. Hakumjua mama yake vizuri.

"Jenga ukuta wa watu, uache tundu, upate ugali wako," alisema mama. "Tundu limekukosea nini? Linakula kwako?"

"Mama, linanidhalilisha."

"Mimi nilifua mashuka kwa sabuni isiyotoa povu kwa sababu bwana stoo aliipenda. Nilidhalilika? Nilikulea."

"Uliwahi kumwambia kwamba sabuni ni mbaya?"

Mama alikamua kwa nguvu, maji yakamrukia bintiye miguuni. "Niseme ili iweje?"

"Sijui. Ila mimi nawafundisha watu waulize, halafu Mkuu akija nigeuke niwaambie nyamazeni? Basi heri nikahesabu sururu. Sururu hazina masikio, haziwezi kusikia uongo wangu."

"We mtoto una kichwa kigumu."

"Cha nani hicho?"

Mama alichukua upande wake wa blanketi, akauvuta hadi bintiye akakaribia kuanguka, na wakaanika.

Siku ya mkaguzi, asubuhi, Mkuu alikuja uwanjani kabla ya mgeni, na nyuma yake mlinzi na mtunza bustani wamebeba nyundo kubwa. Benchi lilikuwa tayari, saruji imekauka, egemeo limelazwa kidogo nyuma kama mtu anayesikiliza umbea. Tao lilikuwa limesimama. Lilikuwa limeanguka tena katikati ya wiki, na Redio alinyamaza siku nzima, hadi wenzake wakampima homa. Kisha wakajifunza kuusubiri udongo, na sasa lilisimama, bovu kidogo upande mmoja, lakini limesimama. Ukuta wa Bondia ulikuwa pembeni, mnyoofu, mtulivu, umenyamaza kama mtoto mwema.

"Bomoeni hivi viwili," Mkuu aliwaambia waliobeba nyundo. "Huu ukuta ubaki. Tundu litobolewe sasa hivi."

Mlinzi alilitazama benchi la getini ambalo jana alikuwa amelikalia zamu nzima. Alishusha nyundo chini. "Mkuu, mimi mgongo leo," alisema. Mtunza bustani naye akakumbuka kuwa alikuwa na mgongo.

Mkuu akamgeukia Bi Timazi. "Waamuru wanafunzi wako."

"Siwezi, Mkuu."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Waombe wewe. Wako hapo, wana masikio, na mimi nimewafundisha kujibu."

Mkuu akawageukia wanafunzi. Lazima tumpe haki yake: alisimama wima. "Bomoeni," alisema.

"Kwa nini, Mkuu?" aliuliza Redio. Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtu anayeomba chumvi.

"Kwa sababu mkaguzi anakuja!"

"Kwani mkaguzi hakai?" Shangazi alisema kutoka getini, amekalia benchi lake miguu imenyooka. "Mlete huku apumzike. Na mimi sibanduki, Mkuu. Nisamehe. Nimesimama hapa vya kutosha."

Mtu akacheka, akajikohoza. Redio na wenzake wakasogea wakasimama chini ya tao lao, wote, wakiwa wamebanana, na hilo lilikuwa tendo la ushujaa kuliko walivyojua, maana mwalimu wao alikuwa akilitazama lile tofali la juu bila kupumua.

Ndipo Bondia alipoiokota nyundo ya mlinzi.

Aliinyanyua kama kijiko. Akauendea ukuta wake, ule mnyoofu, ule pekee uliokuwa unatakiwa, akaupiga katikati. Mstari wa juu ukaruka. Akapiga tena.

"Weee! Huo uache!" Mkuu alikimbia, kalamu moja ikaanguka. "Huo ndio wa mkaguzi! Una wazimu?"

Bondia alisimama, jasho kwenye pua. "Mkuu, si umesema tubomoe? Mimi nimekubali."

"Nimesema vile viwili!"

"Huu nao umepinda. Nimeushushia timazi asubuhi, mara tatu. Unene wa kidole, pale chini kushoto. Ukiwa mbali huuoni, lakini mimi nauona. Siwezi kumwonyesha mkaguzi kitu ninachojua kimepinda."

"Nani amekuruhusu kuamua hivyo?"

Bondia alimtazama mwalimu wake, kwa mazoea. Bi Timazi alikuwa ametazama kwingine makusudi, akichambua kucha. Alijua pia, tangu asubuhi, kwamba ukuta ulikuwa umepinda. Alikuwa amejikamata shingo asiseme.

"Nimejiruhusu mwenyewe," alisema Bondia, akapiga tena.

Huko nje honi ililia. Mlinzi akaenda kufungua geti. Mkuu aliokota kalamu yake, akaipangusa, akaiweka mfukoni kinyume. Alipofika kwa Bi Timazi alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Kuanzia kesho, stoo. Na usidhani natania."

"Najua hutanii."

"Na watapata mwalimu mwingine. Mwalimu wa kweli."

"Mwambie aje na majibu mengi, Mkuu. Hawa wataanza na yeye." Alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari wa nguzo, akafunga kitambaa kichwani upya, kwa mkazo. "Sasa nisamehe. Kesho ni ya stoo, leo kipindi ni changu."

Akaenda hadi kwenye kifusi cha Bondia, akachuchumaa mbele yake, akaweka mikono yake mapajani, mbali na mwiko.

"Haya, mwanangu. Unaanza wapi?"